Kubadilishana vifaa chini ya maji: maswali tunayoulizwa na wanafunzi wa uzamiaji Mbeya na Matema

Ukurasa huu ni wa wanaojiandaa kwa kozi ya kuongoza wazamiaji wakiwa huku Nyanda za Juu Kusini, yaani wanaofanyia mazoezi kwenye bwawa la kuogelea mjini na baadaye kushuka Ziwa Nyasa. Maswali mengine yalikuja kwa simu, mengine yaliulizwa ukingoni mwa bwawa na mtu anayetetemeka kwa baridi ya Julai.

Zoezi lenyewe ni lipi?

Wazamiaji wawili wanashuka wakiwa wamevaa kila kitu. Wakiwa chini, bila kuibuka, kila mmoja anavua jaketi lake la kuelea pamoja na mtungi, mapezi na miwani, anamkabidhi mwenzake, kisha anavaa vya mwenzake. Muda wote huo wanapumua kwa kipumulio kimoja, kwa zamu. Suti na mkanda wa risasi (vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito) havibadilishwi.

Katika kozi ya Divemaster, yaani kiongozi wa wazamiaji, ya shirika la mafunzo la PADI, hili ni mojawapo ya majaribio matano ya majini. Mengine ni kuogelea mita 400 bila kifaa chochote, kuelea dakika 15 (mbili za mwisho mikono ikiwa nje ya maji), kuogelea mita 800 kwa miwani, snokeli (mrija wa kupumulia) na mapezi, na kumvuta mzamiaji asiyejiweza mita 100. Wanafunzi wengi hawaogopi hayo manne. Hili la tano ndilo linalowanyima usingizi.

Kuna faida gani? Sijawahi kuona mtu akibadilishana mapezi na mwenzake ziwani.

Wala hutamuona. Zoezi hili ni la tangu enzi za mwanzo za mafunzo ya kiraia. Wilaya ya Los Angeles kule Marekani ilianza kutoa vyeti vya wakufunzi mwaka 1954, shirika la NAUI likafuata mwaka 1960 na PADI mwaka 1966. Vifaa vya siku hizo vilikuwa na kipumulio kimoja tu kwa kila mtungi. Hewa ya mwenzako ikikatika, hamkuwa na njia nyingine ila kupokezana. Mambo ya kuvua na kuvaa chini ya maji yalitokana na mafunzo ya kijeshi, na ukakamavu wake ukabaki.

Siku hizi kila mtungi una kipumulio cha akiba, na mashirika mengi yameacha kufundisha kupokezana katika kozi za wanaoanza. Kwa kiongozi limebaki kwa sababu nyingine: linakuonyesha utafanya nini mambo madogo matano yakiharibika kwa pamoja. Miwani imejaa maji, mkanda umekwama, mwenzako anataka zamu yake, mguu mmoja hauna pezi, na huna hewa mdomoni. Kwa kuwa hakuna hata moja linaloua peke yake, kinachopimwa ni kama utaweza kuyapanga.

Wako wakufunzi wasiolipenda, na wana hoja. Limewahi kutumika kumtesa mwanafunzi: mkufunzi anamvizia kwa nyuma, anamng'oa miwani, anamfungia valvu ya mtungi, kisha anasema anamkomaza. Sisi hatufanyi hivyo. Kila hatua inakubaliwa nchi kavu kabla ya mtu kulowa. Mkufunzi akikwambia kwamba kushtukizwa ni sehemu ya somo, tafuta mwingine.

Tunalifanyia wapi?

Mara zote tunaanzia bwawani, Mbeya mjini, kwenye kina cha mita mbili na nusu au tatu. Mabwawa mengi ya hoteli hayafiki hapo, kwa hiyo uliza kina kabla ya kulipa kiingilio, na uulize upande wa kina, maana mhudumu wa mapokezi atakutajia ule wa watoto. Maji hayapashwi moto. Juni na Julai Mbeya hata jua la saa sita halitoshi, hivyo suti ya milimita 5 ni ya lazima, ingawa utaonekana kituko mbele ya waliokuja kunywa soda.

Mkishaweza bwawani, tunahamia Matema, wilayani Kyela, kwenye kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone. Ufuo wa mchanga unaelekea magharibi, na upande wa mashariki miamba inaanza na kufuata ukingo wa ziwa kuelekea Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi. Maji ya upande wa miamba ndiyo maangavu, na samaki wadogo wa rangi, mbuna, wanakuja kukutazama usoni ukiwa huna miwani. Mchanga wa chini uko kina cha mita tatu hadi tano, pembeni mwa miamba, na hapo ndipo tunapopiga magoti.

Wa Iringa wanatuuliza kuhusu Bwawa la Mtera. Hapana. Maji yake ni ya tope, viboko na mamba wapo, na zoezi hili linahitaji uone vidole vya mwenzako.

Nielezeni hatua kwa hatua.

Tuseme wanafunzi ni Atupele na Ambakisye. Wanapiga magoti wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Wanasoma geji za hewa ya mitungi. Mwenye hewa nyingi zaidi ndiye ambaye kipumulio chake kitatumika, na leo ni Atupele.

Ambakisye anatoa kipumulio chake mdomoni, wanaanza kupokezana cha Atupele. Hakuna kinachovuliwa bado. Wanazungusha zamu mpaka mapovu yanatoka kwa mwendo mmoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa haraka ya kufikia sehemu inayoonekana ngumu. Mdundo wa pumzi ukiwa mbovu sasa, utazidi kuwa mbovu mikono ikiwa na kazi.

Mapezi yanafuata. Ni rahisi, na mtu asiye na mapezi hajaribiwi kupiga mateke na kuchafua mchanga.

Kisha Ambakisye anatoa hewa yote kwenye jaketi lake, analivua na kulilaza kati yao. Atupele naye anavua lake, lakini halisogezi mbali, kwa sababu mpira wa kipumulio ni mfupi na bado wote wawili wanautegemea. Sasa mitungi yote miwili iko katikati. Ambakisye anavaa jaketi la Atupele. Hapo jambo moja linabadilika ambalo lisipopangwa nchi kavu huleta mkanganyiko: kipumulio kinachotumika sasa kinatokea begani kwa Ambakisye, kwa hiyo yeye ndiye mtoaji. Atupele, aliyekuwa akigawa, sasa anagawiwa. Wakishaelewana kwa ishara, Atupele anavaa jaketi la Ambakisye, anachukua kipumulio chake, anakipuliza kutoa maji, na kupokezana kumekwisha.

Miwani tunaiacha mwisho. Wako wanaoanza nayo ili wamalizane na karaha mapema, lakini sisi tunaona ni bora macho yafanye kazi wakati wa kufunga mikanda. Kila mmoja anavua, anampa mwenzake, anavaa, anaegemeza kichwa nyuma na kupuliza kwa pua mpaka maji yote yatoke.

Kabla ya ishara ya sawa, kila mmoja anapitisha mkono kwenye vifaa vya mwenzake: mpira haujapita chini ya mkanda, bakoli zote (vifungio vya mikanda) zimefungwa, mtungi haujachezea kwenye kamba yake, mkanda wa risasi bado upo juu ya suti na haujanaswa na jaketi.

Wakati wa kupokezana, nani anashika kipumulio?

Mwenye mtungi. Hakiachii, hata kinapokuwa mdomoni mwa mwenzake. Anayepokea anashika kifundo cha mkono wa mtoaji na kujivutia. Pumzi mbili, kisha anarudisha. Mkishazoeana mnaweza kwenda hadi tatu. Kazi ya mikono ifanye ukiwa na hewa mdomoni. Ukiwa huna, subiri huku ukitoa mapovu membamba.

Usikose kutoa hayo mapovu. Mtu aliyebana pumzi akipanda juu, hata mita moja na nusu tu, anaweza kupasua mapafu, maana hewa iliyogandamizwa inatanuka kadiri uzito wa maji unavyopungua juu yake. Huku kwetu hali ni kali kidogo kuliko pwani. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam. Lita tano za hewa ya mapafu kwenye kina cha mita tatu baharini zinakuwa kama lita sita na nusu zikifika juu. Kwenye bwawa la Mbeya zinakaribia lita 6.8. Anayekwambia bwawa halina hatari kwa sababu kina chake ni kifupi hajui hesabu hii.

Nikivua jaketi ninapaa, na jaketi linazama. Nakosea wapi?

Risasi zako ziko ndani ya mifuko ya jaketi. Ukilivua umejivua uzito wote, na suti inakupandisha kama boya. Kwa zoezi hili, risasi zikae kwenye mkanda kiunoni. Mwenye jaketi la mifuko aazime mkanda.

Tatizo la pili ni kinyume chake. Mtungi wa alumini wa kawaida, wa lita 11.1 uliojazwa hadi mgandamizo wa bar 207, unazama kidogo ukiwa umejaa, na unataka kuelea ukikaribia kuisha. Kwa hiyo mwishoni mwa kipindi jaketi ulilolilaza vizuri mwanzoni linaanza kunyanyuka lenyewe na kukuvuta shingo kwa mpira. Liwekee goti juu ya kamba, au mwombe mkufunzi alishike. Kumwomba hakupunguzi alama.

Waliosomea Zanzibar wakaja Matema na mkanda wao uleule wanatua chini kama mzigo. Maji ya ziwa hayana chumvi, hayakubebi vizuri kama ya bahari. Mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 anapunguza takriban kilo mbili na nusu za risasi. Pima upya, usikisie.

Mwenzangu ni mkubwa kwangu mara mbili. Mapezi yake yatanitoka.

Yatatoka, na si hoja. Unatakiwa kuyavaa, si kuogelea nayo hadi Malawi. Legeza mikanda ya jaketi lako kabla ya kushuka ili mwenzako asihangaike nayo chini.

Navaa miwani ya kusomea.

Bila miwani utaona mapovu na kivuli cha mwenzako, inatosha. Geji isomwe kabla. Wa lensi za machoni, zivueni kabla ya kulowa. Maji ya ziwa na lensi havipatani.

Nina mafua, naweza kushiriki?

Hapana. Kwanza masikio hayatasawazisha. Pili, kipumulio kinapita midomo miwili bila kuoshwa. Mwenye kikohozi, kidonda cha mdomoni au homa anaahirisha, na hatuhitaji maelezo marefu. Wakati mwingine tunakubali wawili watumie kipumulio kikuu na cha akiba cha mtungi mmoja badala ya kupokezana, lakini hilo ni zoezi la kujifunzia. Jaribio lenyewe lifuate kanuni za shirika lako.

Tukimaliza Matema saa kumi, naweza kupanda gari kurudi Mbeya jioni hiyohiyo?

Hili ndilo swali tunalotaka kila mtu alisome, kwa sababu zoezi lenyewe halijawahi kutupa wasiwasi kama safari ya kurudi.

Ukizamia, mwili unafyonza naitrojeni zaidi kutokana na hewa unayovuta chini ya mgandamizo. Ukitoka, naitrojeni hiyo inatoka taratibu kupitia mapafu. Ukipanda mahali penye hewa nyepesi kabla haijatoka, inaweza kutengeneza mapovu kwenye damu na viungo. Wengi wanajua sheria hii kwa ndege. Wasichofikiria ni kwamba Coaster ya Kyela–Mbeya ni ndege inayotembea ardhini. Ziwa Nyasa liko kati ya mita 470 na 500 juu ya bahari. Unapita Tukuyu, ambayo ni mita 1,500 na zaidi, kisha barabara inapita kati ya Rungwe na Ngozi ikipanda juu kuliko Mbeya mjini kabla ya kushuka Uyole. Yote hayo kwa saa chache, umebanwa katikati ya magunia ya mchele na ndizi.

Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, kabla ya kupanda urefu wa kati ya mita 600 na 2,400 ni huu: subiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja usiohitaji kusimama njiani wakati wa kuibuka ili naitrojeni itoke, na angalau saa 18 kama ulizamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo. Mazoezi ya kina cha mita tatu yana hatari ndogo sana, ni kweli, lakini hakuna anayekuja hadi Matema akaishia mita tatu. Mchana mtu anataka kuwaona mbuna kwenye mita 15. Kwa hiyo tunalala Matema. Zoezi linafanywa siku ya kwanza, mzamio wa mwisho unaisha mchana, na gari linaondoka kesho yake asubuhi. Mwenye haraka ya kazini Jumatatu asije Jumapili.

Kuna upande wa pili pia. Majedwali mengi ya kuzamia yameandikwa kwa usawa wa bahari, na huhesabu kuanzia mita 300 kuwa mahali pa juu. Matema tayari imevuka. Kompyuta yako ya kuzamia iweke kwenye mpangilio wa mwinuko, kama haijisomei yenyewe.

Na ukiona maumivu ya viungo yasiyoeleweka, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya kuzamia, usipande milima ukasema utapumzikia nyumbani. Vuta oksijeni, kaa chini, mpigie mkufunzi. Gari lisubiri.

Mitungi tunajazia wapi? Fundi wa matairi Uyole ana kompresa kubwa.

Ana kompresa ya matairi. Inatoa hewa yenye mvuke wa oili, na kama injini yake iko karibu na bomba la kuvutia hewa, inameza moshi wake mwenyewe. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na sumu yake inazidi makali chini ya mgandamizo. Isitoshe, haifiki hata karibu na bar 200. Tunasisitiza hili kwa sababu swali linarudi, na kwa kuwa linaulizwa kwa nia njema na watu waliozoea kupata ufumbuzi wa kila kitu gereji.

Mitungi ije imejazwa kutoka kwenye kituo cha uzamiaji chenye kompresa ya hewa ya kupumua, au ijazwe na kompresa kama hiyo iliyoletwa na mkufunzi. Angalia mhuri wa kipimo cha maji (kipimo cha uimara wa mtungi kwa mgandamizo wa maji) shingoni mwa mtungi, usizidi miaka mitano. Na kwenye basi mtungi ulale umefungwa. Usisimamishwe karibu na mlango.

Vipi kichocho na mamba?

Vyote vipo, na vyote vina mahali pake. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji tulivu ya kina kifupi yenye majani, yaani mahali pale pale ambapo mkufunzi mvivu angependa kufundishia. Ndiyo maana tunaenda upande wa miamba. Jikaushe kwa taulo mara utokapo, na miezi miwili au mitatu baadaye nenda kapime. Dawa ni prazikwanteli, na hospitali za huku zinaijua vizuri.

Mamba wako zaidi kwenye midomo ya mito, kama Lufilyo na Mbaka. Hatuzamii karibu na mdomo wa mto wowote, hata maji yakionekana shwari. Wakati wa mvua kubwa, hasa Aprili, mito inamwaga tope hadi mbali na tunasimamisha mazoezi ya ziwani kabisa. Upepo wa mwera nao, kati ya Mei na Agosti, unaweza kuinua mawimbi ya kukuyumbisha ukiwa umepiga magoti. Asubuhi huwa na nafuu.

Kwa nini tusiende Ziwa Ngozi? Liko karibu na Mbeya.

Liko ndani ya kreta, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na njia ya kushukia majini ni mteremko mkali wa msituni. Nani atabeba mitungi? Pia eneo lote la Rungwe lina kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, kiasi kwamba kuna mahali inavunwa kibiashara, na gesi hiyo hutuama mabondeni. Ngozi ni pa kutazama kutoka juu na kupiga picha.

Mwanangu ana miaka 15 na ana cheti cha kuzamia. Anaweza kufanya zoezi hili?

Kozi ya uongozi inaanzia miaka 18, na mizamio 40 iliyoandikwa kwenye daftari. Lakini mama, mlete bwawani. Kuvua na kuvaa vifaa vyake mwenyewe chini ya maji anaweza kujifunza sasa, na akifika umri huo nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Nikishindwa katikati?

Unachukua kipumulio chako, au cha akiba cha mwenzako, au cha mkufunzi ambaye yuko umbali wa mkono mmoja. Unatoa ishara ya kupanda. Mnapanda pamoja polepole mkitoa hewa. Mnapumzika, mnakunywa chai, mnarudia. Wanaokwama mara nyingi hukwama kwenye bakoli ya kifuani, kwa kuwa vidole vimekufa ganzi. Rudia kuifunga sebuleni kwako umefumba macho.

Tunahitaji kumwambia mtu yeyote kijijini?

Ndiyo. Siku moja kabla, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufuo. Wazee hao wanajua nyavu zimetegwa wapi usiku, na wavu wa nailoni chini ya maji hauonekani mpaka umekunasa valvu ya mtungi. Mpeni mvuvi mmoja mwenye mtumbwi posho akae juu yenu na bendera, awaelekeze wenzake wenye injini wapite mbali. Jumamosi mitumbwi ya vyungu kutoka Ikombe inakuja kwa wingi kwenye soko la Lyulilo, kwa hiyo siku hiyo tunaanza mapema au tunahamia Jumapili.